Mitihani Niliyoianika Nyumbani Kwangu

Mliniomba niandike, sasa vumilieni. Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinipa kiti cha plastiki na soda mbili, mkasema, "Papa Secrétaire, utuachie maneno kidogo juu ya kazi." Nafikiri mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Lakini sasa ninashinda nyumbani kutwa nzima, na kushinda nyumbani ndicho kipaji pekee nilichozaliwa nacho. Kazi nyingine zote nilifundishwa, na walionifundisha walichoka.

Vyeo sitavitaja. Nilipanda polepole hata mwenyewe sikushtuka. Mshahara nao tuuache ulale. Nitasema juu ya otodidakti, wale watu walioacha shule katikati, wakajisomea wenyewe nyumbani, kisha wakaja kwenye dirisha letu pale Baraka kuomba waandike mtihani wa Taifa ili na wao wapate diploma ya sekondari kama wengine. Ninyi mnawaona kila mwaka: mama wa sokoni, mchimbaji wa Misisi mwenye udongo mwekundu kwenye kucha, siku hizi hata Mrundi wa kambi ya Lusenda anayeuliza kama miaka yake ya shule ya kwao inahesabika. Mnawaona wanachelewesha foleni. Mimi walinilea.

Nilianza kazi bado nchi inaitwa Zaire. Nilifika asubuhi na tai ya kuazima, diploma yangu imekunjwa ndani ya gazeti. Mkubwa wangu alikuwa Inspekta Mmunga, mzee mfupi mwenye sauti ya mhubiri na miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Hakuitazama diploma. Aliniuliza:

"Unakaa wapi?"

"Hapa hapa, Papa Inspekta. Nyuma ya soko."

"Ulishaka kulala inje ya Baraka?"

"Mara moja. Harusi ya kaka yangu, kule Fizi. Niligonjwa tumbo."

"Muzuri," akasema. "Bureau inataka mutu wa kukaa."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyepata kazi kwa sababu ya tumbo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: meza, daftari kubwa la majina, muhuri wa mti, kijiti cha nta nyekundu na kisu kidogo cha Inspekta. Wino wa muhuri ulipoisha tulitia mafuta ya mawese ndani ya kile kitambaa chake, ndiyo sababu dossier, yale majalada ya waombaji, za miaka ile zina mihuri ya rangi ya machungwa. Mtu akiwaonyesha muhuri mweusi mzuri wa wakati ule, mtilieni shaka.

Lakini somo kubwa la Inspekta lilikuwa kufungua bahasha. Ninyi mnalifanya haraka haraka siku hizi, nimewaona, msijitetee. Yeye alisimama mbele ya wakandida, yaani watahiniwa, akainua ile bahasha ya maswali juu, akaigeuza mbele na nyuma. Kisha akasema, "Chaguaneni wawili." Wakandida wenyewe walichagua wawili kati yao, wakaja mbele, wakapapasa nta kwa vidole, kila mahali ilipogandamizwa. Waliporidhika ndipo kisu kilipotoka mfukoni. Bahasha ikakatwa, na wale wawili wakatia saini kwenye ile karatasi ya ushuhuda tunayoiita PV, chini ya mstari unaosema bahasha ilifika imefungwa vizuri.

Siku moja nilimwuliza, "Papa, mbona tunapoteza saa nzima?"

"Hawa bantu walishapoteza miaka," akasema. "Saa moja iko nini? Bale bana ya mwaka wa sita biko na mudirecta wabo, biko na baba zabo. Huyu mama wa ndagala iko na nani? Iko na vidole vyake. Muache apapase."

Ikaja vita ya kwanza. Tulivuka ziwa kukimbilia ng'ambo kama kila mtu, tukarudi, nyumba yangu nikaikuta bado ina mabati, nikaapa sitoki tena. Kabla kiapo hakijapoa ikaja ya pili. Safari hii kundi moja la wenye bunduki lilikaa mjini, jingine milimani, na yote mawili yalipenda sana majengo yenye milango. Bureau yetu, ofisi yote, ilichukuliwa. Inspekta alikuja kwangu akibeba daftari la majina kichwani kama mama anayetoka shambani.

"Tutafanyia kazi hapa," akasema.

Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi. Mke wangu, Mama Faida, alimtazama Inspekta, akanitazama mimi, akasema, "Papa Faida, we uliombaka Mungu hivi?" Tangu siku ile dirisha la otodidakti likawa dirisha la chumba changu cha kulia. Nilikuwa napokea dossier huku mguu mmoja ukiwa karibu na sahani ya bukari, ugali wetu. Watu walikuja. Hilo ndilo sitalisahau: risasi zinalia upande wa mlima, na mtu anasimama dirishani na kuuliza kama inatakiwa picha mbili au tatu.

Kati ya hao alikuja Mwalimu Apendeki. Alitoka Lulimba kwa miguu, siku nne. Mama wa miaka ishirini na kitu, mrefu, kitenge kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Vita ya kwanza ilimkuta mwaka wa sita wa sekondari, miezi miwili kabla ya mtihani. Tangu hapo alikuwa akifundisha mwaka wa nne wa primaire, shule ya msingi, kule kwao, kwa sababu walimu wenye diploma walikuwa wamekimbia. Sasa mkurugenzi wa shule alikuwa amemwandikia barua, na alinipa niisome: wenye diploma wameanza kurudi, na mwalimu ambaye hataonyesha diploma mwanzoni mwa mwaka unaofuata ataacha darasa.

"Kwa hiyo ni mwaka huu," nikasema.

"Ni huu, Papa. Mwaka ujao nitakuwa shambani."

Bulletin zake zote, zile ripoti za shule, alizileta ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alivuka nazo ziwa mara mbili. Zilikuwa kavu kuliko daftari langu. Alifanya ule mtihani wa kujaribu ambao otodidakti huanza nao, akafaulu vizuri, tukamwandika.

Mwaka ule barabara ya Uvira ilikuwa imekatika, ikabidi mtu aende kwa boti kuchukua sanduku la mitihani. Inspekta alikuwa na magoti mabaya. Alinitazama.

"Papa," nikasema, "mi sijui kuogelea."

"Mutoto wa Baraka haujue kuogelea?"

"Nilikuwa nakaa nyumbani."

Nilienda. Sitasimulia kwenda, maana nilifumba macho. Kurudi, boti ilijaa mihogo, mbuzi, bamama, na mimi juu ya sanduku la bati kama kuku anayelalia mayai. Tulipopita Mboko upepo ukaamka. Wimbi moja likaingia boti nzima. Bamama walianza kuteka maji kwa sufuria, na mmoja akanipigia kelele, "We Papa wa sanduku! Teka maji! Ama unangoja samaki bakusaidie?" Niliteka kwa kiatu. Tulifika. Lakini sanduku lilipowekwa sakafuni kwangu, likaanza kutoa maji pembeni, polepole, kama mtu anayelia kwa adabu.

Mtihani ulikuwa kesho kutwa. Inspekta alikuwa amekwenda Fizi, amepakiwa kwenye kinga, yaani baiskeli, kutafuta ruhusa ya wale wa mlimani ili wakandida wapite. Nilikuwa peke yangu na Mama Faida. Nikafungua sanduku. Bahasha za wanafunzi zilikuwa juu, salama. Ya otodidakti ilikuwa chini kabisa. Ilikuwa imevimba kama mkate uliotiwa kwenye chai.

"Hiyo itaoza," akasema Mama Faida.

"Haifunguliwi mpaka wakandida waone."

"Baone nini? Uji? Ndagala ikilowana unaianika saa ile ile. Haungoje Inspekta."

Sasa ninyi mtacheka, lakini jueni: mtu aliyezaliwa kando ya lile ziwa, akiona kitu kimelowa, dagaa au karatasi, mikono yake haimwulizi ruhusa. Nilichukua kisu cha jikoni, nikakata. Tulitandaza mikeka chumbani, tukafunga mlango na dirisha, tukapanga maswali moja moja, jiwe dogo kila pembe. Tuliyageuza kila saa. Mama Faida alisoma swali moja la jiografia, akasema hata majibu yote manne ni uongo, yeye amefika pale. Jioni karatasi zilikuwa kavu, zimekunjamana kidogo, lakini zinasomeka zote. Nilijisifu. Kweli kabisa, nilijisifu, nikaomba chai.

Ni wakati wa chai ndipo nilipoikumbuka nta.

Hapo ningeweza kungoja Inspekta na kumwambia. Ndiyo, najua. Badala yake nilikumbuka kwamba kijiti cha nta kiko nyumbani kwangu, na muhuri pia, kwa sababu bureau yote ilikuwa nyumbani kwangu. Nikatafuta bahasha mpya, nikayeyusha nta, nikagandamiza. Ilipendeza kuliko ya kwanza. Inspekta aliporudi amechoka, nilimwambia, "Kila kitu kimefika muzuri." Hakuna kosa kubwa nililofanya kazini ambalo halikuanzia hapo nyumbani, mahali ninapojisikia vizuri.

Siku ya mtihani, darasa la shule ya kanisa. Otodidakti ishirini na kitu, wengine wamevaa nguo za ibada. Inspekta akainua bahasha. "Chaguaneni wawili." Wakamchagua Papa Lubunga, mvuvi wa pale Baraka aliyekuwa akiandika kwa mara ya tatu, na Mwalimu Apendeki.

Papa Lubunga alipapasa, akatikisa kichwa kwamba sawa. Apendeki akapapasa. Akarudia. Akainua bahasha puani, akanusa.

"Papa Inspekta, hii nta ni mupya."

"Mupya namna gani?"

"Ile ya bahasha ya bana-shule, pale mezani, imekauka, inakatika. Hii ni laini. Na karatasi ya inje ni kavu, lakini ndani inalia kama karatasi yenye ililowana."

Inspekta hakuniangalia mara moja. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, na nilijua anafanya hivyo ili anipe nafasi ya kusema mwenyewe. Nikasema. Nilisimulia yote, wimbi, sanduku, mikeka, mawe, nta. Nilipofika kwenye mikeka, mtu wa nyuma alicheka, kisha akajizuia.

Papa Lubunga alimgeukia Apendeki. "Mwalimu, weka saini. Papa Secrétaire ni mutu yetu, hakuuzisha kitu. Tuandike, turudi kwetu. Ukikataa, kituo chetu kimekufa."

"Na mi ndiye wa kwanza kufa," akasema.

"Basi weka!"

Inspekta akasema polepole, "Mwalimu, sikulazimishe. Ukisaini, ni neno lako. Ukikataa, nitafunga bahasha, na mwaka huu umekwisha."

Alikaa kwenye kona ya meza, PV mbele yake, biki mkononi. Niliona barua ya mkurugenzi imechomoza kwenye mkoba wake. Sikuwahi kujichukia kama wakati ule, na nilikuwa tayari na mazoezi.

"Niko na batoto makumi ine," akasema mwishoni. "Kila siku nabaambia: ukikosea usifute, na usipasue karatasi. Kata na mustari moja, kosa libaki linaonekana, andika ya kweli pembeni." Akautafuta ule mstari wa "imefungwa vizuri", akaukata mara moja, mstari ulionyooka. Akanisukumia karatasi. "Andika, Papa. Yote. Na mikeka."

Niliandika. Kifaransa changu kilitetemeka, Inspekta akarekebisha. Wakandida wote walitia saini, hata Papa Lubunga, akinung'unika kwamba sasa amesaini kifo chake mwenyewe kwa herufi nzuri. Kisha wakaandika mtihani, siku zote nne, bila kujua kama kuna mtu atakayesahihisha.

Wiki nyingi zilipita. Jibu lilikuja kwa mikono ya padri mmoja aliyetoka Uvira. Wakubwa walisema maswali yale ya otodidakti hayahesabiki. Lakini kwa kuwa kituo kilisema chenyewe, mbele ya wakandida, kilichotokea, hakitafungwa; wote wataandika upya kwa karatasi za akiba, baada ya siku kumi, na atakayekosa amekosa. Mwisho walinitaja mimi, maneno machache. Sitayanakili. Yalikuwa ya haki.

"Nani atabaambia bale ya mbali?" Inspekta akauliza, huku akijua. Wengi walikuwa Baraka na Fizi. Wa Misisi tulimpelekea barua kwa mfanyabiashara wa kinga, na alifika. Alibaki wa Lulimba.

Nilifunga mkoba. Mama Faida alinitilia mihogo na chumvi, akasema, "Leo utajua inje iko namna gani."

Nje iko na mlima. Kupanda kwenda Fizi nilipumzika kila baada ya mita ishirini, nikijifanya natazama mandhari. Kwenye kizuizi cha juu, kijana mwenye bunduki aliuliza:

"Mu mufuko iko nini?"

"Barua. Ya bale banaandikaka mutihani bila kumaliza shule."

"Mi niliishia deuxième, mwaka wa pili. Na mi naweza?"

"Unaweza. Unaacha bunduki, unaleta bulletin."

"Bulletin iko kwa mama."

"Basi anzia kwa mama."

Wenzake walicheka sana, wakaniacha nipite. Yeye hakucheka. Hakuja kamwe dirishani, lakini jina lake, alilonitajia wakati natembea, nililiandika nyuma ya daftari.

Nilifika Lulimba siku ya tano, miguu imevimba. Nilimkuta Apendeki akitoka darasani. Nilimpa barua. Aliisoma, akaikunja.

"Siende," akasema.

"Mwalimu..."

"Siku ine kwenda, siku ine kuandika, siku ine kurudi. Nilishafanya. Mwaka huu mara mbili nilibaacha batoto, mara ya kwanza kwa dossier, mara ya pili kwa mutihani wako wa kuanika. Mudirecta alisema, nikiacha darasa tena bila mutu, ananitoa leo, hatangoja mwanzo wa mwaka. Nani atabashika?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nafikiri lilitoka miguuni, kwa sababu miguu haikutaka kurudi mara moja.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama kuanzia viatu. "We? Ulishaka kufundisha?"

"Hapana."

"Unajua kugawanya kwa tarakimu mbili?"

"Nilijuaka."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mkurugenzi alikubali kwa sababu nilikuwa na diploma: karatasi yangu iliyolala ndani ya gazeti miaka yote iliingia darasani mlango ukiwa wazi, na yake iliyotembea milima haikuwapo.

Nilishika wale watoto arobaini kwa siku kumi na tatu. Nilikuwa mwalimu mbaya. Siku ya kwanza nilisahau chaki nyumbani mwa mkurugenzi, siku ya pili nikasahau watoto uwanjani. Waliniita Mwalimu wa Kukopa. Sauti yangu iliisha, wakaanza kunisomea wao. Siku moja, katikati ya kugawanya, msichana mmoja wa mbele aliuliza:

"Mwalimu, we uko na diplome?"

"Niko nayo."

"Na Mwalimu Apendeki hana?"

"Bado."

Wakatazamana. Msichana aliutazama ubao, ambapo jibu langu lilikuwa limekosea na wao walijua, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Basi diplome inafanyaka nini?"

Wenzangu, nimekaa kwenye lile dirisha miaka mingi na nimejibu maswali mengi. Kwa lile nilichukua chaki tu. Nilisema tuendelee na hesabu.

Alirudi siku ya kumi na tatu jioni, vumbi hadi magotini, na hakusema mtihani ulikuwaje. Aliomba madaftari ya watoto kwanza. Nikarudi Baraka, na Mama Faida anasema nililala siku mbili, nikitaja majina ya watoto.

Majibu yalichelewa, kama kila kitu wakati ule. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Inspekta alikuwa anakuja kwangu kila saa ya habari, anakaa karibu na redio, betri tumeziweka juani zipate nguvu. Siku ile msomaji alianza kituo chetu, jina na asilimia, jina na asilimia, na mawimbi ya redio yanakula nusu. Papa Lubunga hakutajwa. Akaandika tena mwaka uliofuata, na mwingine. Alipata mara ya tano, na sasa mnamjua kama mzee anayekuja kusimamia foleni bila kuombwa. Mrefu wa Lulimba, Apendeki wetu, alitajwa karibu na mwisho. Hamsini na saba. Mimi mwenyewe nilipata hamsini na mbili, na nilikuwa na walimu.

Inspekta alizima redio ili kulinda betri. Akasema tu, "Vidole vile." Alikufa miaka michache baadaye, vita imetulia, na alinishukuru hospitalini kwa kazi, mimi niliyemletea aibu ile. Nilitaka kumwambia kwamba shukrani iko upande wangu yote, nikashindwa, ndiyo maana ninaiandika hapa. Kwake, kwa Mama Faida aliyenisukuma nje ya mlango, na kwa kila aliyesimama pale dirishani akidhani mimi ndiye ninayemsaidia.

Apendeki alikuja kuchukua karatasi yake wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Alisoma daftari la kutolea diploma mstari kwa mstari kabla ya kusaini, na foleni nyuma yake ikaanza kulalamika. Niliwaambia wamwache. Alisaini, akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani. Nilifikiri tumemaliza, nikatafuta neno la maana la kumwambia, la kuagana.

Hakuondoka. Alifungua kitenge, akatoa dossier tatu, akaziweka dirishani, juu ya mkono wangu.

"Hizi ni za balimu wenzangu. Hawana diplome. Bawili biko na kila kitu."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu bulletin yake iliungua na shule." Akasogea pembeni, nikaona nyuma yake mzee mmoja kavu, ameegemea kinga, anafuta jasho kwa kofia. "Lakini mwalimu wake hakuungua. Nimekuja naye. Uliza anachojua juu ya mwanafunzi wake."

Mzee alinisalimu kwa Kifaransa cha zamani, kilichonyooka. Nikamtolea kiti nje, nikakaa, nikafungua ukurasa mpya wa daftari.